Betri Mbili Zilizopanga Ukubwa wa Vifaru

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika mji wa Shizuoka nchini Japani, kampuni moja iliyokuwa na hali ngumu ilikuwa inahangaika kupata nafasi ya betri mbili ndani ya tumbo la kifaru cha plastiki. Kifaru chenyewe kilikuwa Panther, cha Ujerumani ya Vita Kuu ya Pili. Wateja walikuwa watoto, na mtoto hana haja na kifaru cha kukaa kabatini. Anataka kitembee, kipande mto, kipite juu ya viatu vya baba mlangoni. Kwa hiyo lazima kiwe na mota, na mota inataka betri. Wachoraji wakaanza na betri, wakazipangia mota na gia pembeni, kisha wakaivisha mashine hiyo bodi ya Panther. Kifaru kikauzika. Kampuni ilipofikiria kukitolea ndugu wa ukubwa uleule, ndipo mtu akachukua rula akakipima, na jibu likawa kwamba kifaru halisi kilikuwa kikubwa kuliko hicho mara 35 hivi.

Namba hiyo haina maana yoyote ya kihandisi. Aliyekaa chini kupanga kwa utulivu angechagua 30, au 40, au 50, ashinde bila kuhangaika na kikokotoo. Lakini leo ukitaka modeli ya gari la kivita la kuunganisha mwenyewe, iwe imetengenezwa Japani, China, Ukraine, Poland au Italia, uwezekano mkubwa utakuta juu ya boksi imeandikwa 1/35. Betri mbili za duka la jirani zimewapangia kipimo watu wazima duniani kote kwa zaidi ya miaka 60.

Kampuni hiyo ni Tamiya, na wapenzi wa kazi hii hulitaja jina lake kwa heshima ileile ambayo dereva wa Land Cruiser huitaja Toyota. Yoshio Tamiya aliianzisha mwaka 1946 kama biashara ya mbao. Mwaka mmoja tu kabla yake, usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Juni 1945, ndege za B-29 za Marekani ziliiteketeza Shizuoka kwa mabomu ya moto na kuua watu wapatao 2,000. Mji ulioungua unahitaji mbao, kwa hiyo kazi ilikuwepo, na pembeni kampuni ikawa inatengeneza modeli za mbao za kuunganisha. Mwaka 1951 moto mwingine ukala akiba ya mbao. Miaka miwili baadaye Tamiya ikaachana na mbao za ujenzi, ikabaki na modeli peke yake.

Shizuoka ulikuwa mji wa maseremala na mafundi wa samani tangu zamani, na haishangazi kwamba kampuni za aina hii zimejazana huko. Aoshima ilianza hapo mwaka 1924. Hasegawa ilianzishwa mwaka 1941, na makao yake yako Yaizu, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Fujimi nayo ipo, na Bandai hutengenezea huko roboti zake za Gundam ambazo vijana wetu wanazifahamu kwenye katuni. Kila mwezi wa Mei mji hufanya maonesho ya modeli yanayovuta wageni kutoka mabara yote.

Waliowatoa kwenye mbao ni Wamarekani. Katika miaka ya 1950 modeli za plastiki kutoka Marekani zilianza kuonekana madukani Japani, na mtoto aliyeshika plastiki, yenye riveti na madirisha yaliyokwisha kuchongwa tayari, hakurudi tena kwenye kipande cha mbao cha kusugua kwa msasa wiki nzima. Shunsaku, mtoto wa Yoshio, aliingia kwenye kampuni mwaka 1958 akitokea Chuo Kikuu cha Waseda, akakuta mbao zinakufa. Mwaka 1960 wakatoa modeli yao ya kwanza ya plastiki, manowari Yamato. Bahati mbaya mshindani naye akatoa Yamato yake, kwa bei ya chini. Tamiya ikalazimika kushusha bei yake mpaka fedha iliyomwagwa kwenye kalibu ikashindwa kurudi. Kalibu ya chuma ndiyo roho ya biashara hii. Plastiki ni rahisi, boksi ni rahisi, lakini kalibu moja humeza mtaji wa miaka.

Basi Panther ilikuwa karata ya mwisho au karibu ya mwisho. Waliichagua kwa sababu bodi yake ina sura safi, bati zilizolala kwa pembe, si makorokoro mengi. Picha ya boksi wakamwomba Shigeru Komatsuzaki, mchoraji ambaye Shunsaku alikuwa akimhusudu tangu utotoni. Hapo walicheza vizuri. Mtoto hanunui plastiki. Plastiki yenyewe ni fremu za vipande visivyoeleweka. Ananunua picha: kifaru kinapanda kilima, moshi nyuma, tope linaruka. Picha ile, pamoja na kifaru kilichounganika bila ugomvi na kutembea kweli, viliinusuru kampuni.

Ila kwangu mimi hadithi yenyewe hasa inaanzia baada ya hapo, pale Shunsaku Tamiya alipoamua kwamba makadirio hayatoshi. Kwa nini atume mchoraji abahatishe kutoka kwenye picha tatu za kitabu, ilhali vifaru vyenyewe vipo? Akafunga safari. Alikwenda Aberdeen, jimbo la Maryland, ambako jeshi la Marekani lilikuwa limekusanya silaha lilizoteka Ulaya. Alikwenda Bovington, kusini mwa Uingereza, kwenye jumba la makumbusho la vifaru. Akapiga picha kila boliti, kila bawaba, chini ya tumbo, nyuma ya gurudumu, mahali ambapo mtalii wa kawaida haingizi kichwa. Miaka ya 1970 alipotaka modeli ya Porsche, alinunua Porsche 911 nzima akaifungua vipande vipande ili wachoraji wake waone ndani. Modeli iliyotokana na kazi hiyo ilitoka mwaka 1976, na gharama yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba kampuni iliifanya pia gari la kuongozwa kwa redio ili ipate kurudisha fedha. Shunsaku alifariki Julai 2025 akiwa na miaka 90, na watu wazima wa nchi nyingi walimlilia kama mtu waliyekuwa wakimjua.

Ndiyo maana nasema modeli huanza na mtu mwenye futi ya kupimia, plastiki hufuata baadaye sana. Kilichopimwa kitatengenezwa, na kilichotengenezwa kitakumbukwa na mtoto wa miaka 12 ambaye hajawahi kufungua kitabu cha historia. Kisichopimwa hubaki midomoni mwa wazee.

Tuichukue Tiger, kifaru maarufu kuliko vyote kwenye rafu za modeli. Pale Bovington ipo moja, namba 131, iliyotekwa na Waingereza nchini Tunisia mwezi wa Aprili 1943. Mfalme George VI na Churchill walikwenda kuitazama hukohuko Tunis kabla haijasafirishwa. Leo ndiyo Tiger pekee duniani inayotembea kwa injini yake, na mwaka 2014 ilionekana kwenye filamu ya Fury. Kifaru kilichotekwa Afrika ndicho kilichopimwa, kikapigwa picha na kuzaa maboksi yasiyohesabika.

Ukiigawa Tiger kwa 35 unapata mambo ya kufurahisha. Urefu wake pamoja na mtutu ni mita 8.45, kwa hiyo modeli ina sentimita 24, inakaa vizuri kwenye karatasi ya A4. Mwanajeshi wa sentimita 175 anakuwa na sentimita 5 kamili. Chuma cha mbele, kilichokuwa na unene wa milimita 100, kinakuwa chini kidogo ya milimita 3, na hapo plastiki haina shida. Lakini bati la kukingia matope lilikuwa na unene wa milimita chache tu. Ligawe kwa 35, unahitaji kitu chembamba kuliko karatasi nzito. Kalibu haiwezi kumwaga plastiki nyembamba hivyo, basi bati la kwenye boksi huwa nene kupita kiasi, na fundi mwenye jicho kali hulitupa. Badala yake hununua karatasi ya shaba iliyochongwa kwa asidi, akaikunja kwa koleo ndogo. Hata akiligonga kidogo likapinda, limepinda kama lilivyopinda vitani.

Uzito ndio unaochekesha. Tiger ilikuwa na tani 57. Uzito haugawanywi kwa 35 mara moja. Unagawanywa mara tatu, kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, yaani kwa 42,875. Jibu ni kilo moja na robo na ushee. Modeli ya plastiki haifiki hata nusu ya hapo. Ndiyo sababu ukiiweka kwenye mandhari ya tope, minyororo yake huelea juu kana kwamba kifaru kimeshushwa na kamba. Mafundi wazuri huikandamiza ndani ya udongo kabla haujakauka, na wengine hujaza risasi au shanga za chuma tumboni.

Halafu magurudumu. Tiger ya mwanzo ina magurudumu 24 kila upande, yamepishana safu kwa safu, moja limejificha nyuma ya jingine. Kwenye kitabu utasoma kwamba mpangilio huo uligawa uzito vizuri lakini ukawatesa mafundi wa jeshi. Ni sentensi tu, unaisoma unapita. Sasa kaa mezani ujenge. Ukigandisha magurudumu ya nje kabla ya kupaka rangi yale ya ndani, umekwisha, brashi haifiki. Inabidi uyang'oe yote ya mbele ili ulifikie moja la nyuma, na hapo unamwelewa yule fundi wa Kijerumani aliyekuwa akifanya hivyohivyo kwenye barafu, kwa magurudumu ambayo mtu mmoja hawezi kuyabeba. Baada ya magurudumu kuna minyororo: pingili 96 kila upande. Boksi la bei nafuu hukupa mnyororo wa mpira unaofungwa kama mkanda. La ghali hukupa pingili mojamoja, 192 kwa jumla, kila moja na alama yake ya kalibu ya kusugua. Wapo wanaosema hiyo ndiyo raha yenyewe. Mimi nafungulia redio.

Kazi ya kuunganisha ina adabu zake. Vipande huja vimeshikamana na fremu ya plastiki, kila kimoja na namba yake. Huvivunji kwa mkono. Unakata kwa koleo yenye mdomo bapa, mbali kidogo na kipande, kisha unakaribia kwa wembe, kisha msasa namba 400, kisha 600, mpaka kidole kisihisi kitu. Gundi yenyewe haishiki kwa kunata. Inayeyusha plastiki pande zote mbili, zikachanganyika na kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana inakuwa nyepesi kama maji. Unagusa kiungo kwa ncha ya brashi nayo inakimbia yenyewe ndani ya mwanya. Ukiweka kidole juu ya mwanya huo, gundi itakimbilia chini ya kidole, na alama yako ya kidole itabaki kwenye ubavu wa kifaru mpaka mwisho wa dunia.

Ukimaliza kuunganisha ndiyo kwanza uko nusu ya njia. Kuna rangi ya awali, rangi ya mwili, nembo zinazoloweshwa majini zikateleza kutoka kwenye karatasi yake, halafu sanaa ya kuchakaza. Rangi ya mafuta ya kahawia iliyochanganywa na tapentaini nyingi huachwa itiririke kwenye kila kona na kuzunguka kila riveti, ili vivuli vionekane. Kipande cha sponji kinachochovywa kwenye rangi ya chuma hugusishwa kwenye kingo, pale ambapo buti za askari zingesugua. Mwisho vumbi la unga, rangi ya barabara ya huko kilikopigana. Wengi huzidisha. Nimeona picha za vifaru vilivyooza kwa kutu kana kwamba vilikaa miaka 50 chini ya bahari, wakati kifaru cha mwaka 1944 mara nyingi kilikufa kingali kipya, rangi ya kiwandani bado inanukia. Chuma kinene cha deraya hakiozi kwa msimu mmoja wa mvua.

Mahali pengine ambapo fundi hunaswa ni tarehe. Kuanzia mwaka 1943 ukielekea mwisho mpaka mwezi wa Septemba 1944, Wajerumani walivipaka vifaru vyao plasta yenye mistarimistari iitwayo Zimmerit, ili mabomu ya sumaku yasigande kwenye chuma. Ukijenga Tiger ya Tunisia halafu ukaichora plasta hiyo, mtu atakuja nyuma yako kwenye maonesho, atakohoa kidogo, atakwambia kwamba Tunisia ilikwisha Mei 1943. Watu hawa ni wachokozi, lakini wanasoma. Wapo makarani na madereva wa basi Ulaya wanaojua kiwanda kipi kilibadilisha umbo la bawaba mwezi gani, kwa sababu tu walitaka kuipaka rangi sahihi.

Si vifaru tu, na si Japani tu. Waingereza walikuwa na modeli za plastiki za ndege za Frog tangu mwaka 1936, kwa uwiano wa 1/72, ambao ndani yake inchi moja ni futi sita, yaani kimo cha mtu mrefu. Mwaka 1942, Marekani ilipokuwa imeingia vitani, jeshi lake la majini liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge ndege 500,000 za mbao kwa uwiano huohuo, ili marubani na wapiga mizinga wajifunze kutofautisha ndege ya rafiki na ya adui kwa kivuli chake. Watoto walichonga. Kipimo kilichobaki mezani leo kama burudani kilikuwa zana ya mafunzo ya vita, na ndugu yake wa 1/35 alizaliwa kama kitu cha kuchezea watoto. Walipishana njiani.

Hapo linakuja swali ambalo mke, jirani au sheikh atakuuliza akikukuta na kifaru cha Hitler mezani: hii nayo ni starehe gani? Swali ni la haki. Ujerumani yenyewe haikulikwepa. Sheria yake ya jinai inakataza kuonesha nembo za Wanazi, kwa hiyo kampuni nyingi huifuta swastika kwenye picha ya boksi, na kwenye karatasi ya nembo huiacha kabisa au huikata vipande viwili, anayeitaka aunganishe mwenyewe. Lakini sheria haizuii kitu kinachonikera zaidi, nacho ni wingi. Ingia kwenye orodha ya kampuni yoyote kubwa: Tiger, Panther, Tiger ya pili, Panther ya mwisho, Tiger ya mwanzo, ya kati, ya baadaye. Zilitengenezwa Tiger I zipatazo 1,350 tu katika vita nzima, wakati Wasovieti walitoa T-34 kwa makumi ya maelfu. Anayehesabu vita kwa rafu za duka la modeli atadhani Wajerumani walishinda. Sababu ni soko: Tiger inauzika. Komatsuzaki na wenzake waliichora ikaonekana kama simba, na sisi sote tukanunua simba.

Wakati mwingine vita huingia kiwandani yenyewe. MiniArt, moja ya kampuni zinazosifika kwa modeli zenye ndani kamili, mpaka viti na injini, ilianzia Simferopol huko Crimea. Urusi ilipoitwaa Crimea mwaka 2014, kampuni ilihamia Kyiv. ICM, nayo ya Kyiv, inaendelea kutoa maboksi chini ya ving'ora vya makombora. Mtu aliyeko huko akiunganisha kifaru cha T-55 mezani, huenda kingine kinapita barabarani.

Kwetu Afrika Mashariki kazi hii ina wachache, na sababu zinajulikana. Boksi zuri ni ghali, na rangi na gundi, kwa kuwa zinashika moto, hazipokelewi kirahisi kwenye mizigo ya ndege. Aliyeko Tanga au Mombasa ana mgomvi mwingine: unyevu. Ukipulizia rangi ya laka siku ya mvua za masika, inapokauka hupata ukungu mweupe juu yake, kwa sababu kimiminika kinachoyeyuka kwa haraka hupoza uso wa rangi na mvuke wa hewani ukagandia hapo. Dawa yake ni kusubiri asubuhi ya kaskazi, au kufanya kazi ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Mikono lakini ipo. Mtoto aliyepinda gari zima la waya, lenye springi na usukani mrefu wa kuendeshea akiwa amesimama, magurudumu ya malapa, tayari anajua ekseli ni nini na kwa nini gurudumu la mbele lazima likate kona. Hakupewa tu boksi.

Kisichokosekana ni mada. Rolls-Royce za deraya za jeshi la majini la Uingereza zilipigana upande wa Taveta mwaka 1916, na Meng ya China imetoa gari la aina hiyo kwa 1/35. Vita ya Kagera ingejaza kabati zima. Iddi Amin alikuwa na T-55 za Kisovieti na hata Sherman zilizotoka Israel. Tanzania ilikuwa na vifaru vya Kichina na ile mitambo ya kurusha makombora, BM-21, ambayo Waganda waliibatiza Saba Saba. Karibu vyote vinapatikana kwenye maboksi: T-55 ya Tamiya iko sokoni tangu mwaka 2002, BM-21 ipo ya Trumpeter. Nunua, jenga. Halafu utakwama kwenye rangi. Gari lililovuka Kyaka lilikuwa na kijani cha aina gani? Namba iliandikwa mlangoni au kwenye bampa, kwa brashi au kwa kibati cha kuchorea? Mambo haya Mjerumani wa mwaka 1943 ameshapigiwa picha mpaka kuchoshwa. Ya mwaka 1979 yamo kwenye albamu za familia Bukoba na Masaka, na kwenye vichwa vya wanajeshi wastaafu ambao hakuna aliyewauliza habari za bampa.

Mada ninayoitaka mimi ni ya zamani zaidi. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilizamishwa kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ya kipenyo cha milimita 105 ilitolewa mtoni, ikapelekwa Dar es Salaam, na kwenye karakana ya reli ikaundiwa magurudumu ili ipigane nchi kavu. Mmoja ulipelekwa Kigoma ukawekwa juu ya Graf von Götzen, meli ambayo yenyewe ilikuja kutoka Papenburg ndani ya makasha yapatayo 5,000 na kuunganishwa ziwani. Leo tunaiita Liemba. Mingine iliburutwa porini na wapagazi, mamia kwa mamia, watu ambao hakuna kampuni iliyowatengenezea sanamu za sentimita 5. Mzinga mmoja uko Pretoria, mmoja Jinja, na mmoja uko Mombasa, kwenye Fort Jesus, ambapo mtoto wa shule hupita pembeni yake kuelekea kwenye kuta za Wareno.

Milimita 105 zikigawanywa kwa 35 ni 3 kamili. Mtutu wake ulikuwa na urefu wa mara 40 ya tundu lake, mita 4.2, kwa hiyo kwenye modeli ni sentimita 12. Tazama namba zinavyoingia bila desimali, utadhani betri zile za Shizuoka zilijua. Bomba la shaba la kipimo hicho hupatikana kwa wauza vipuri vya friji, na siku hizi mashine za kuchapa vitu kwa resini zinaweza kutoa sehemu ya kufyatulia bila kalibu ya chuma na bila mtaji wa miaka. Tatizo ni kigari chake, kile kilichoundwa na mafundi wa reli: vipande vya spoku, upana wa ukingo wa gurudumu, mahali boliti zilipokaa. Hilo halimo kwenye boksi lolote. Inahitajika barua kwa makumbusho ya kuomba ruhusa ya kuusogelea mzinga, kamera, futi ya kupimia na asubuhi moja kabla watalii hawajafika, na baada ya Mombasa, basi la kwenda Jinja kulinganisha.